Waraka kwa Walimu wa Madrasa: Tusizitundike Aya kwenye Nadharia

Kwa walimu wenzangu, maustadhi na maalimati, pamoja na ndugu wote wa darsa letu la tafsiri,

Nawaandikia juu ya jambo lililoota mizizi katika madrasa zetu, kwenye mimbari na katika video fupi zinazozunguka kwenye simu. Nalo ni desturi ya kuuthibitisha ukweli wa Qurani kwa habari za sayansi, hasa habari za anga. Najua nia ya wengi wetu ni njema. Kijana anatoka shuleni na maswali, nasi tunataka arudi nyumbani ametulia. Lakini namna tunavyomtuliza ndiyo inayonitia wasiwasi, na naomba tuitazame pamoja kwa utulivu.

Nianze na mbingu saba, maana hapo historia ina mengi ya kutufunza. Qurani imezitaja mara kadhaa, wala haikueleza zimeumbwa kwa kitu gani au zimeachana umbali gani. Katika karne ya 9 kitabu cha mwanafalaki Ptolemy, ambacho Waarabu walikiita Almajisti, kilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad. Ndani yake ardhi imekaa katikati, na kuizunguka yako Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mushtari na Zohali. Saba kamili! Wakatokea waliosema kwamba hizi ndizo mbingu saba za Qurani. Na kwa kuwa wanafalsafa walikuwa na tufe la nane la nyota zisizohama, na la tisa linaloyazungusha yote, ikasemwa kuwa la nane ni Kursi na la tisa ni Arshi. Hesabu ikakaa sawa. Ibn Taymiyya alikuwa miongoni mwa waliokataa, akahoji ni dalili gani iliyofunga idadi ya matufe kuwa tisa tu.

Kisha mwaka 1781 William Herschel, akiwa Uingereza na darubini aliyoiunda mwenyewe, akaiona sayari ya Uranusi. Mwaka 1846 ikaonekana Neptuni. Na kabla ya hapo Jua lilikwisha kutolewa katika orodha ya sayari, na ardhi yetu ikaingizwa mahali pake. Aya haikubadilika hata herufi moja. Kilichoanguka ni kile kilichotundikwa juu yake, na aliyefundishwa kuwa ukweli wa aya umesimama juu ya idadi ya sayari alibaki hana pa kushika. Aya si msumari wa kutundikia kila nadharia inayopita.

Leo kosa hilo hilo limerudi. Tunawaambia watoto kuwa mbingu saba ni tabaka saba za hewa. Mwanafunzi yeyote wa jiografia anajua kuwa tabaka kuu za angahewa anazofundishwa ni tano, na kuzifikisha saba lazima uongeze ozoni na ionosfia, ambazo zimo ndani ya hizo hizo tano. Lakini hilo si baya zaidi. Sura ya 41 aya ya 12 na Sura ya 67 aya ya 5 zinatueleza kuwa mbingu iliyo karibu nasi ndiyo iliyopambwa kwa nyota. Nuru ya nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua husafiri zaidi ya miaka 4 ndipo itufikie, na angahewa tumeshaiacha mbali huko chini. Basi anayesema mbingu ya kwanza ni tabaka hili la mawingu na mvua ameipinga aya kwa jina la kuitetea. Hilo lilitosha kutuonya, lau tungesoma aya mbili pamoja badala ya kukimbilia video.

Chukueni mfano wa pili, unaopendwa kuliko yote, wa Sura ya 51 aya ya 47. Aya inataja kujengwa kwa mbingu, na neno la mwisho wake wafasiri wa kale walilifahamu kwa njia zaidi ya moja: wengine uwezo na wasaa wa Mwenyezi Mungu, wengine kuipanua mbingu yenyewe. Mwaka 1929 Edwin Hubble alitangaza vipimo vinavyoonyesha kuwa galaksi zinakwenda mbali nasi, na kwamba iliyo mbali zaidi huenda kasi zaidi. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kuwa wamepata kwenye antena yao mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga, na wanafizikia wakauona kuwa ni mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Leo umri wa ulimwengu unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Haya ni mambo makubwa, na Muislamu anayesoma aya ile akayakumbuka, akasema subhanallah, hakukosea kitu.

Lakini tazameni miaka michache kabla ya Hubble. Mwaka 1917 Albert Einstein aliona kwamba milinganyo yake haiuachi ulimwengu utulie mahali pamoja, akaongeza namba ya kuutuliza, kwa sababu hata yeye aliamini ulimwengu umetulia. Mwalimu wa tafsiri wa mwaka huo, kama angefuata sayansi ya siku hiyo, angesimama mimbarini na kusema kuwa Qurani imethibitika kwa sababu mbingu hazitanuki wala hazipungui. Na aya angeipata: Sura ya 35 aya ya 41, inayosema kuwa Mwenyezi Mungu anazishikilia mbingu na ardhi zisiondoke. Wapo wanazuoni walioitumia aya hii kuthibitisha kuwa ardhi haiendi. Walikuwa watu wa elimu na ucha Mungu. Kilichowaponza ni kuitaka aya iseme jambo ambalo haikuteremshwa kulisema.

Mwanafunzi wa sekondari aliwahi kuniuliza baada ya darsa: "Ustadh, sayansi ikibadilika, na aya nayo itabadilika maana?" Alikuwa hana ujeuri hata kidogo, alitaka kujua. Nikamwambia aya haikungoja sayansi ili iwe kweli. Naona swali la kijana huyu ndilo tunalopaswa kulijibu sisi sote, na tulijibu kwa namna tunavyofundisha kila wiki, si kwa sentensi moja ya mlangoni.

Wala sisi si wa kwanza kulijadili. Imam al-Shatibi wa Andalusia, aliyefariki 1388, aliwakemea waliotafuta kila elimu ya ulimwengu ndani ya Qurani, akakumbusha kuwa Masahaba, waliokuwa wajuzi wa Kitabu kuliko sisi, hawakuitafuta huko elimu ya hesabu wala ya maumbile. Katika karne ya 20, Tantawi Jawhari wa Misri aliandika tafsiri ndefu iliyojaa mimea, wanyama na nyota. Mmisri mwenzake Mahmud Shaltut, aliyekuja kuwa Sheikh wa al-Azhar, alipinga njia hiyo waziwazi. Binafsi naona Jawhari alikuwa na uchungu wa kweli: aliwaona Waislamu wameachwa nyuma akataka waamke. Uchungu wake tuuchukue, lakini njia ya Shatibi na Shaltut ndiyo yenye usalama.

Na sasa niseme wazi juu ya uvumi, kwa sababu baadhi yetu tumeueneza. Imesemwa kuwa mwanaanga Neil Armstrong alisikia adhana mwezini, akasilimu. Mwenyewe alikana, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ilipeleka maelezo kwa balozi zake katika nchi za Kiislamu kuwa habari hiyo si kweli. Tena mwezini hamna hewa, na pasipo hewa sauti haisafiri. Mtoto aliyesoma fizikia kidogo angetuuliza adhana ilifikaje masikioni. Vilevile kuna picha ya ufa mwezini, iliyopigwa na chombo cha Apollo 10 mwaka 1969, inayosambazwa kuwa ni alama ya kupasuka kwa mwezi. Ufa huo unaitwa Rima Ariadaeus. Urefu wake ni kama kilomita 300, ilhali mzingo wa mwezi ni karibu kilomita 10,900, kwa hiyo hauuzunguki mwezi. Wataalamu wanaueleza kuwa ni bonde lililodidimia kati ya nyufa mbili. Kupasuka kwa mwezi tumekupokea kwa Qurani na kwa Hadithi sahihi; hapo ndipo iliposimama imani yetu. Tukiihamishia kwenye picha, siku picha inapokanushwa tutakuwa tumemfundisha mtoto kuitilia shaka Hadithi ambayo picha haikuwahi kuigusa. Sura ya 17 aya ya 36 inatukataza kufuata tusichokuwa na ujuzi nacho, na masikio, macho na moyo vitaulizwa. Katazo hilo halina ruhusa maalumu kwa anayedhani anaitumikia dini.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na bibi Maria Mkibti, alifariki angali ananyonya. Siku hiyo jua likapatwa. Wanafalaki wa leo, wakirudisha hesabu nyuma, wanakupata kupatwa kwa jua kulikoonekana Madina tarehe 27 Januari 632. Watu wakaanza kusema: jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Hebu fikirini nafasi hiyo. Hakuna aliyemwomba aseme lolote. Angenyamaza tu, na mji mzima ungepata dalili ya mbinguni kwa macho yao. Hakunyamaza. Aliwasalisha, kisha akawaeleza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Alikuwa baba aliyetoka kumzika mwanawe. Aliikataa dalili isiyo ya kweli hali inamnufaisha. Sisi tunapata wapi ruhusa ya kuipokea?

Imam al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alichokikamilisha mwaka 1095, alilichukua jambo hili hili la kupatwa kwa jua. Wanafalaki walieleza kuwa mwezi huingia kati ya jua na mtazamaji, na wana hesabu ya kujua siku na saa. Ghazali akasema anayedhani kuwa kuwapinga katika hilo ni sehemu ya dini ameidhulumu dini, kwani mwenye kuijua hesabu hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini iliyoletwa kuipinga. Akaona kuwa anayeinusuru dini kwa njia isiyokuwa yake ana madhara zaidi kuliko anayeishambulia. Ningependa kila mwalimu wetu aisome sehemu hiyo, tena taratibu.

Kwa upande wa pili wapo wanaotujia na Sura ya 18 aya ya 86, pale Dhul-Qarnayn alipolikuta jua likitua katika chemchemi yenye tope jeusi, wakasema: tazameni, Kitabu chenu hakijui kuwa jua ni kubwa kuliko ardhi. Walimu wengine hubabaika hapa, na hakuna sababu. Al-Razi, aliyefariki 1210, na Ibn Kathir baada yake walikwisha kueleza kuwa aya inasimulia alivyoona yeye alipofika mwisho wa nchi kavu, kama kila aliye pwani anavyoliona jua likizama majini, na jua halitoki katika njia yake. Sisi wa Mombasa kila asubuhi tunaliona jua likichomoza kutoka Bahari ya Hindi, na hakuna anayetuita waongo. Jibu hili liliandikwa karne nyingi kabla ya vyombo vya anga, kwa kuisoma lugha na muktadha tu. Tafsiri yenye misingi hainyang'anywi kitu na darubini.

Sasa kuna upande ambao tumeuacha, nao ndio aya zinaouhimiza hasa. Sura ya 10 aya ya 5 inasema mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Sura ya 2 aya ya 189 inaifanya miezi miandamo kuwa nyakati za watu na za Hija. Sura ya 6 aya ya 97 inazitaja nyota za kutuongoza gizani, bara na baharini. Aya hizi zinatutaka tutoke nje na kutazama juu. Waliozielewa walifanya kazi. Al-Biruni, mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha kupima mahali pa miji ili Qibla kijulikane kwa usahihi, na aliipima ardhi kwa kupanda mlima na kuangalia upeo wa macho unavyoshuka. Ibn al-Shatir alikuwa mtunza nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya, Damascus. Mwaka 1371 aliuwekea mnara saa ya kivuli, na hesabu yake ya mwendo wa mwezi ni ile ile kimahesabu aliyoitumia mwanafalaki Copernicus katika kitabu chake cha 1543. Mtu aliyeajiriwa na msikiti! Hakuandika kwamba aya fulani imetabiri jambo fulani; alipima.

Na mwambao wetu haukuwa mtupu. Manahodha waliihesabu miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, wakajua kaskazi itaingia lini na kusi lini, na wakulima waliangalia nyota za Kilimia kabla ya kupanda. Elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa watu waliosali swala tano. Mtoto wa madrasa leo anaweza kuhifadhi juzuu kadhaa na asijue mwezi mwandamo unaonekana upande gani.

Nawaomba tuanze na jambo dogo lisilogharimu kitu. Makkah iko katika longitudo ya karibu nyuzi 39.8 mashariki, Mombasa iko nyuzi 39.7. Kwa hiyo Qibla chetu ni kaskazini, kiasi cha kuwa dira na msikiti hukaribia kukubaliana kabisa. Tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa zetu, ambazo ndizo saa za Makkah pia, jua huwa juu kabisa ya Kaaba. Hurudi tena tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Wakati huo popote linapoonekana, anayelielekea jua ameielekea Kaaba. Watoeni watoto uani. Simamisheni fimbo ya mita moja, muihakikishe kwa timazi ya fundi kuwa imesimama wima. Kivuli kitalala kusini, urefu wake karibu nusu ya fimbo, na kutoka ncha ya kivuli hadi kwenye shina la fimbo ndiyo njia ya Qibla. Pigeni mstari kwa chaki. Kisha waulizeni kwa nini kivuli hakiishi siku hiyo wakati kule kwenye Kaaba hakipo kabisa. Wataanza wenyewe kubishana juu ya umbo la ardhi, na hapo mwalimu anyamaze kidogo awaache. Muwaonye tu wasilitazame jua kwa macho, kivuli kinatosha.

La pili ni mwezi. Sitaingia katika mjadala wa kufuata mwandamo wa hapa au wa kwingine. Masheikh wetu wana hoja zao, na kila mmoja ana wanaomfuata. Nasema tu kuwa kuijua hesabu si kuiacha Sunna ya kuutazama. Mwezi hukutana na jua kila baada ya siku 29, saa 12 na dakika 44 kwa wastani, na rekodi inayokubalika na wanafalaki ya kuuona mchanga kwa macho matupu ni ya umri wa saa 15 na nusu hivi. Taqi al-Din al-Subki, kadhi wa Kishafii aliyefariki 1355, alisema ushahidi wa kuuona haupokelewi pale hesabu ya yakini inapoonyesha kuwa haiwezekani kuonekana. Sisi wa karibu na ikweta tumependelewa: njia ya jua na mwezi husimama karibu wima juu ya upeo wetu mwaka mzima, kwa hiyo mwezi mwandamo huwa juu, hausogei kando kama katika nchi za kaskazini. Walio Unguja mjini wana bahari upande wa magharibi, bora zaidi. Basi kila tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, si ya Shaabani tu, wapelekeni watoto mahali pa wazi kabla ya magharibi, waandike walichokiona na wasichokiona. Mawingu nayo yaandikwe.

La tatu: tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa huko Makkah na Jeddah, na kwetu litapatwa sehemu. Tujitayarishe mapema kwa swala ya kusufu, na khutba ya siku hiyo imhusu Ibrahim na babake. Anayetaka kutafuta kwenye tukio hilo dalili za vita au za kiama asipewe kipaza sauti.

Kwa mwenye kufundisha aya za anga, naomba utaratibu uwe ule wa wazee wetu: aya kwa aya nyingine, kisha Sunna, kisha waliyosema Masahaba na wafuasi wao, kisha lugha. Habari ya sayansi ikija, ije mwisho, na itajwe kwa uzito wake: hili limepimwa, hili ni nadharia, hili bado wanajadiliana. Mseme "huenda ikawa miongoni mwa maana zake", msiseme "hii ndiyo maana". Na mkikosa uhakika na jambo la sayansi, muulizeni mwenye fani. Katika kila mtaa wetu yuko mwalimu wa fizikia au jiografia anayesali safu moja nasi, na hatujawahi kumwita darsani. Naomba kila madrasa imwite mmoja kabla ya Ramadhani, aketi na walimu saa moja, tumuulize yale tunayoulizwa na watoto. Majina ya walio tayari yaletwe kwa mwandishi wa darsa baada ya swala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yenu na mwalimu mwenzenu,
Mombasa